Alumini iliyoliwa na chumvi kwenye redio na amplifaya za zamani: dalili, chanzo na dawa yake

Amplifaya ya Pioneer au Marantz ya miaka ya 1970 iliyokaa Msasani, Upanga au Kigamboni haiharibiki kama ile iliyokaa Dodoma. Kule tatizo ni vumbi, huku ni chumvi. Kaskazi na kusi zote zinatoka baharini, na zinaingiza chembe za chumvi hadi sebuleni. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuwa umajimaji mwembamba usioonekana juu ya paneli. Alumini hujikinga yenyewe kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na utando huo hutulia mahali ambapo pH (kipimo cha asidi na alkali) iko kati ya 4 na 8.5 hivi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huutoboa hata ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo karibu kila tiba hapa chini inaanza na kutoa chumvi. Kazi nyingi zilizong'arishwa vizuri hurudi na unga mweupe baada ya masika moja kwa sababu fundi alisugua kutu na kuiacha chumvi ndani ya vishimo.

Kwanza jua unashika nini

Si kila kinachong'aa ni alumini. Nobu nyingi za redio ndogo ni plastiki iliyopakwa kromu. Bawaba na viungo vya mashine za santuri mara nyingi ni aloi ya zinki, ambayo uzito wake ni kama gramu 6.6 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati alumini ni 2.7. Ukikishika kifaa mkononi utaujua uzito wa zinki mara moja.

Kama ni alumini, uso wake una hali tatu: mtupu, wenye vanishi, au wenye koti gumu la oksidi lililooteshwa kiwandani kwa umeme, yaani anodaizi. Paneli nyingi za mbele za amplifaya za Kijapani ni za anodaizi. Weka mita kwenye omu na uguse sehemu iliyofichika kwa ncha mbili bila kukandamiza. Ikisoma karibu na 0, uso ni mtupu. Isiposoma kitu, kuna koti, kwa kuwa anodaizi na vanishi zote hazipitishi umeme. Kuzitofautisha, chovya pamba ya masikio kwenye asetoni na uguse ukingo wa nyuma: vanishi italainika na kunata, anodaizi haitabadilika kabisa. Asetoni isifike mbele hata tone moja, itaondoka na maandishi.

Maandishi nayo yapimwe. Kwenye mashine nyingi yamechapwa juu ya anodaizi kwa wino, na spiriti inatosha kuyafuta. Chukua alama iliyofunikwa na nobu, weka pamba yenye maji na tone la sabuni ya vyombo kwa dakika moja, kisha iviringishe bila kusugua. Pamba ikitoka na rangi, paneli hiyo isafishwe kwa maji tu. Kabla ya hatua nyingine yoyote, iskani paneli kwa 600 dpi ukiwa umeilaza pamoja na rula. Maandishi yakipotea, skani hiyo ndiyo utakayompelekea mtu wa kuchapa fulana na mabango akutengenezee skrini mpya.

Kabla ya kufungua amplifaya, chomoa waya ukutani, kisha toa chaji ya kapasita kubwa za pawa kwa rezista ya omu 100 yenye wati 5 hadi 10 mpaka mita isome chini ya volti 1. Usizipige shoti kwa bisibisi.

Dalili: unga mweupe, au nyuzi kama njia za mchwa chini ya koti

Hii ndiyo dalili kubwa ya pwani. Huanzia kwenye mkwaruzo, ukingo uliokatwa au tundu la skrubu, kisha hutambaa chini ya vanishi kwa nyuzi nyembamba zenye upana wa nusu milimita hivi. Kichwa cha uzi ndicho chenye asidi na kloridi, na ndicho kinachosonga mbele. Mkia uliobaki nyuma ni unga mkavu tu. Ukikwangua unga na kuacha kichwa, hujatibu kitu.

Ondoa paneli kwenye mashine. Toa nobu zote, taa, vioo na swichi, kwa sababu maji yakiingia kwenye swichi umejiongezea kazi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, kwa brashi laini. Sabuni ya unga na sabuni ya mche zote ni alkali, pH yake hufika 10 na zaidi, na zinakula koti. Jiki ni mbaya zaidi kwa kuwa ina alkali na klorini kwa pamoja.

Kuhusu maji ya suuza watu wengi hawaangalii. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na ukisuuzia paneli humo unarudisha kile ulichokuwa unakiondoa. Osha kwa maji ya bomba, malizia kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo ya chupa kwa makini, maana kwenye rafu hiyohiyo kunakuwa na asidi ya betri.

Nobu na vipande vidogo viloweke kwenye maji yaliyokenekwa ya nyuzi 50 hadi 60, kwenye bakuli la plastiki au kioo. Kama una kile kipimo cha kalamu cha kupimia maji ya kunywa, kitumie hapa: maji mapya husoma karibu na 0. Baada ya saa moja kikionyesha namba imepanda, chumvi inatoka, badilisha maji. Rudia mpaka namba isipande tena. Bila kipimo, badilisha maji mara tatu au nne na uache mzunguko wa mwisho ulale usiku kucha.

Baada ya chumvi kutoka ndipo utoe unga, kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa au cha kuchokolea meno. Kwa mabaka sugu kwenye alumini tupu, siki ya 5% iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa inafaa, pamba ikae dakika moja, kisha suuza. Ndimu hufanya kazi hiyohiyo. Kausha kwa draya ya nywele ukiwa umeishika umbali wa sentimita 20 mpaka paneli iwe ya moto kidogo mkononi, kwa sababu vishimo hushika maji kuliko macho yanavyoona.

Stilwaya isitumike hata kidogo. Vinyuzi vyake vya chuma hubaki vimechomeka kwenye alumini, kila kimoja kikiwa mwanzo wa kutu mpya, na vikidondoka ndani ya amplifaya vinapiga shoti. Majivu ya kusugulia sufuria nayo ni alkali. Sufuria inavumilia kwa sababu haina koti wala maandishi ya kupoteza.

Dalili: vidoa vyeusi na vishimo juu ya nobu ya sauti

Hili ni jasho. Vidole vimeleta chumvi kwa miaka arobaini mahali palepale, na anodaizi imetobolewa tundu moja moja. Kishimo hakizibiki. Unachoweza ni kukisafisha na kukifunga, au kushusha uso wote mpaka chini yake.

Ukiamua kushusha, anodaizi lazima itoke kwanza, kwa sababu ni ngumu kuliko alumini yenyewe, na msasa utaikata mahali na kuiacha mahali, uso ukatoka na mawimbi. Hutolewa kwa kostiki soda, ile inayouzwa kwa watengeneza sabuni. Pima gramu 50 kwa lita 1 ya maji baridi. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe kwenye kostiki. Tumia ndoo ya plastiki, na kijiko cha plastiki au mti: sufuria ya alumini itatoboka ukiwa umeishika. Vaa glavu ndefu na miwani ya kinga, fanya kazi nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa mapovu yanayotoka ni haidrojeni. Kwa joto la Dar koti la nobu hutoka ndani ya dakika 1 hadi 5. Itoe na kuiangalia kila sekunde 30. Mapovu yakianza kutoka sawasawa uso mzima, koti limeisha, itoe wakati huohuo. Suuza kwa maji mengi, pitisha kwenye siki, suuza tena. Uso ukitoka mweusi usishtuke, ni madini mengine ya aloi ambayo kostiki haiyayeyushi, na yanatoka kwa pamba na dawa ya kung'arishia metali kama Brasso au Autosol.

Nobu yenye bushi ya shaba, skrubu ya chuma au mstari wa rangi, itolewe vitu hivyo kwanza. Ikishindikana, usiitie kabisa.

Uso wa nobu una mistari ya duara. Ifunge kwenye boliti, boliti kwenye drili, izungushe polepole, na uguse kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, ukitoka katikati kwenda pembeni kwa mwendo mmoja usiosita. Paneli ina mistari iliyonyooka, na hapo kazi ni ngumu zaidi: gundisha msasa namba 320 au 400 kwenye ubao ulionyooka, weka rula ya chuma kama reli, na uvute kutoka mwisho hadi mwisho bila kusimama katikati. Ukisimama, alama itaonekana milele. Kusugua kwa duara kwenye paneli ya mistari ni kosa ambalo marekebisho yake ni kuanza upya uso wote.

Dalili: paneli imekuwa na wingu jeupe baada ya kusafishwa

Alkali imeshambulia anodaizi yenyewe. Jaribu kwanza kupaka mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa. Wingu likitoweka na kurudi mafuta yakikauka, ni mikwaruzo midogo juu ya koti, na nta ya gari itaificha. Wingu lisipotoweka hata likiwa na mafuta, koti limeliwa na halirudishwi kwa kung'arisha. Kinachobaki ni kuliondoa lote, na hapo maandishi yanakwenda nalo. Kwa paneli yenye maandishi mazuri, afadhali wingu.

Dalili: pete nyeupe kuzunguka skrubu, au skrubu imekwama

Metali mbili tofauti na maji ya chumvi hutengeneza betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu ya shaba ni mbaya kuliko ya chuma iliyopakwa zinki. Oksidi inayozaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, ndiyo maana skrubu inabanwa kama imechomelewa.

Usianze na nguvu. Weka tone la mafuta ya kupenya na uache usiku mmoja. Kisha bana ncha ya kifaa cha kusolda cha wati 60 kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili, mpaka joto liifikie alumini inayoizunguka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka kidogo. Rudia joto na kupoa mara kadhaa kabla ya kugeuza. Mashine za Kijapani nyingi zina skrubu za nyota za JIS (kiwango cha Kijapani), na bisibisi ya nyota ya kawaida huruka na kuula mdomo wa skrubu. Tafuta inayokaa vizuri, hata kama ni kwa kusaga ncha ya ile uliyonayo.

Wakati wa kurudisha, tumia skrubu mpya zilizopakwa zinki na washa ya nailoni, na weka grisi kwenye nyuzi. Kuna mahali ambapo washa ya nailoni haitakiwi. Soma dalili inayofuata.

Dalili: mvumo unaobadilika ukigusa nobu au paneli

Paneli imepoteza ethi. Kwa kuwa anodaizi haipitishi umeme, kiwanda kiliweka washa yenye meno chini ya skrubu moja au mbili, au kwenye nati ya nobu ya sauti, ili meno yatoboe koti na kuunganisha paneli na chesisi. Meno hayo yakipata kutu, au paneli ikipakwa vanishi mpya nyuma, paneli inabaki inaelea na kupokea mvumo wa umeme wa 50 Hz. Hitilafu hii hujitokeza sana kwenye mashine zilizotoka kukarabatiwa, na mafundi huhangaika na kapasita za pawa bure.

Weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya GND (yaani ethi) nyuma ya amplifaya, nyingine kwenye alumini tupu ya paneli. Inatakiwa chini ya omu 1. Ikizidi, kwangua mahali pa washa upande wa nyuma mpaka alumini ing'ae, eneo la kipenyo cha milimita 8 linatosha. Weka washa mpya yenye meno na upake Vaseline juu yake kabla ya kukaza. Meno yatapita kwenye Vaseline, na Vaseline itazuia hewa.

Kwenye mashine ya santuri, angalia kwanza waya wa ethi unaotoka nyuma, kisha pini nne nyuma ya kichwa cha sindano. Nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Zisugue kwa raba ya penseli na uzifute kwa spiriti. Kama mvumo upo chaneli zote mbili na unaongezeka ukisogeza mkono kwenye mkono wa sindano, bomba la alumini halijaungana na waya wa ethi, kwa kawaida mahali linapoingia kwenye egemeo.

Dalili: mikwaruzo na stesheni kukatika unapozungusha kitafutio

Redio za zamani za National, Philips na nyinginezo zina kapasita ya hewa yenye mapezi ya alumini yanayopishana. Toa waya wa upande mmoja, weka mita kwenye omu, zungusha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mita ikisoma hata mara moja, mapezi yanagusana au kuna unga mweupe wenye unyevu katikati. Pulizia hewa, kisha pitisha brashi laini yenye spiriti kufuata mapezi, na ukaushe. Usiingize kisu wala msasa. Pezi likipinda kidogo tu stesheni zinahama mahali pake kwenye kipimo. Mita isiposoma popote na mikwaruzo ipo, tatizo haliko kwenye mapezi. Liko kwenye springi ndogo inayogusa mhimili unaozunguka. Tone la kisafisha kontakti na kuzungusha mara ishirini hivi huimaliza.

Dalili: madoa meupe kwenye hitisinki (alumini ya kupoza transista), chini ya transista

Hapa sura haina maana, kinachotakiwa ni joto na usalama. Ng'oa transista, futa pasta iliyokauka, osha alumini kwa spiriti, na sugua unga kwa msasa namba 800 mpaka eneo la kukalia liwe bapa. Weka maika mpya (kipande chembamba cha kuzuia umeme) na pasta nyembamba pande zote mbili. Anodaizi ya hitisinki isitegemewe kuwa kizuizi cha umeme, mkwaruzo mmoja unatosha kuunguza transista za pawa. Ukimaliza kukaza, na kabla ya kurudisha waya, pima kati ya mwili wa transista na hitisinki. Kama mchoro hausemi vinginevyo, mita isisome chochote.

Unga au majimaji ya kahawia chini ya kapasita yenye mkebe wa alumini si kutu ya kusafisha. Kapasita imevuja, badilisha.

Sahani ya Technics SL-1200

Sahani inayozunguka ya mashine ya santuri ya SL-1200MK2 ni alumini ya kumimina yenye kipenyo cha sentimita 33.2, na sumaku ya mota imefungwa chini yake. Kwa sababu hiyo haitiwi kwenye kostiki, wala hailazwi kwenye meza yenye unga wa chuma. Ziba upande wa chini kwa maskintepu kabla ya kuanza. Vidoti vya ukingoni vinasomwa na taa ya kupimia mwendo, na msasa ukivipunguza huwezi kuvirudisha. Pasafishwe kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo. Autosol ikiingia katikati ya vidoti hukauka kuwa nyeupe na kuonekana kama kutu mpya.

Kufunga uso

Alumini iliyong'arishwa na kuachwa tupu hufifia haraka ikiwa karibu na bahari. Nta ya gari yenye kanauba, mikono miwili myembamba, inatosha kwa nobu na huwekwa upya kila baada ya miezi mitatu. Kwa paneli isiyoguswa sana, vanishi angavu ya magari yenye hadena, ipulizwe siku kavu ya kipupwe na si katikati ya masika, la sivyo unyevu unafungiwa ndani na nyuzi zitaanza upya chini yake.

Anodaizi mpya inawezekana kwa nobu na vipande visivyo na maandishi. Bafu ni asidi ya salfuriki ya 15 hadi 20% kwa uzito, asidi imiminwe kwenye maji. Umeme ni ampea 1.5 kwa kila desimita ya mraba, volti 12 hadi 15, kipande kikiwa upande chanya na bamba la risasi upande hasi. Unene kwa mikroni ni karibu 0.3 mara ampea hizo mara dakika, kwa hiyo dakika 30 hukupa kama mikroni 13. Bafu likae nyuzi 18 hadi 22. Dar bafu lisilowekewa barafu kuzunguka chombo linapanda hadi 30 na zaidi, na koti hutoka laini, la unga, linafutika kwa kidole. Likishatoka vizuri, lichemshwe kwenye maji yaliyokenekwa kwa dakika 30 ili vinyweleo vyake vijifunge. Maji ya bomba hapa yatauachia uso madoa ya chokaa.

Mashine iliyokarabatiwa isikae kabatini karibu na ukuta wa saruji unaovuta maji. Iache sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na iwashe angalau saa moja kila wiki, kwa kuwa joto lake lenyewe hukausha ndani. Futa paneli na nobu kila mwezi kwa kitambaa kilicholowa maji yaliyokenekwa, kisha kikavu.